Feni ya Bibi

Leo feni ya Bibi imewaka na kuzunguka yenyewe. Nimekaa barazani, mikono bado inanuka mafuta ya taa, na ninaisikia kupitia dirishani.

Hapa Tanga mwezi wa pili ni joto lisilo na huruma, na chumba cha Bibi kina dirisha moja tu. Feni yake ya kusimama ilikuwa imeanza kugoma: ukibonyeza inanguruma, mapanga yametulia tuli. Akawa anaisukuma kwa mpini wa mwiko kupitia matundu ya kava mpaka ishike kasi. Umeme ukikatika usiku na kurudi, ilibidi aamke aisukume tena. Mtu aliyevuka miaka 80! Nilipogundua kwamba mwiko unalala naye kitandani, nilishindwa kuvumilia.

"Mpelekee fundi, mume wangu," aliniambia.

"Niachie mimi, Bibi. Nitaiweza."

Jioni ya kwanza yote iliishia kwenye nati moja, ile inayoshika mapanga. Niliizungusha kushoto kama nati nyingine zote. Haikusogea. Nikachukua koleo, nikaichubua plastiki yake, vidole vikavimba. Kumbe nati hiyo imekatwa kinyume, inafunguka kwa kuzungusha kulia, ili feni inapokwenda izidi kujikaza badala ya kulegea. Nilipojaribu upande huo ilitoka kwa vidole viwili. Hasira niliyokuwa nayo sikuwa na wa kumpelekea.

Ndani, shafti, kile chuma kinachozungusha mapanga, ilikuwa imeshikwa na utando wa kahawia, unanata kama gundi. Niliutambua papo hapo. Mwaka jana feni ilipokuwa inapiga kelele, ni mimi niliyetia mafuta ya kupikia, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. Mafuta ya kula yakipata joto la mota siku baada ya siku huwa mazito, mwishowe hukamata shafti. Bibi amesukuma feni miezi yote hii kwa sababu ya kijiko changu kimoja cha mafuta. Sikumwambia siku hiyo. Nimemwambia leo.

Nilisafisha kwa kitambaa na mafuta ya taa, nikadondosha mafuta ya cherehani kwenye bushi ya mbele na ya nyuma, zile pete zinazoishika shafti, nikafunga. Ikazunguka! Kesho yake usiku ikagoma tena, na nikasikia mwiko ukigonga kava.

Safari hii nilichomoa plagi kwanza, nikayazungusha mapanga kwa mkono. Yalikwenda mepesi, yakachukua muda kusimama. Basi shafti haikuwa na kosa tena. Ilibaki kapasita, kile kidude cheusi cha mraba chenye nyaya mbili. Mota ya feni hizi ina koili, yaani nyaya zilizoviringishwa, za aina mbili, na kapasita huufanya umeme wa koili moja usiende sambamba na wa nyingine. Tofauti hiyo ndiyo inayoipa shafti msukumo wa kwanza. Kapasita ikichoka, msukumo haupo, na kazi yake ndiyo Bibi aliyokuwa anaifanya kwa mwiko.

Kapasita yake imeandikwa maikrofaradi 1.5, kipimo cha uwezo wake. Duka la kwanza walinipa ya 2.5, wakaniambia ni ileile. Nikaamini, nikaifunga, na ndani ya nusu saa mota ilikuwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika. Niliizima nikitetemeka, maana Bibi angeweza kuwa amelala. Leo asubuhi nimezunguka maduka manne mpaka nikapata ya 1.5. Nimeifunga, nikakaa nayo saa mbili nzima nikiipapasa mota. Vuguvugu tu.

Bushi ya nyuma imelika kidogo, kwenye namba tatu inatoa mlio. Nitaibadilisha Jumamosi.

Nimemwomba Bibi anipe mwiko niurudishe jikoni. Amesema uache kwanza usiku wa leo upite.