Tumepigana vita ya Lützen ya 1632 sebuleni Nyegezi, Mwanza

Nikiwaambia watu Jumapili tunacheza vita mezani wanadhani ni drafti au hizi gemu za simu. Aisee hapana. Ni meza ya kulia chakula imewekewa plywood juu, blanketi la kijani ndo majani, na juu yake jeshi zima la karatasi ngumu, kila kikosi kimegundishwa kwenye kipande cha mbao na chini kuna washa, zile ringi za chuma za bolti kutoka duka la vifaa vya ujenzi, za kuongeza uzito, maana upepo wa ziwani ukiingia dirishani jioni unabeba mtu na bendera yake.

Kipindi tunachokipenda ni Ulaya ya Vita ya Miaka Thelathini, 1618 mpaka 1648, pale jeshi linabeba magobori na mikuki mirefu kwa pamoja. Wageni wote wanaokuja kucheza wanataka magobori tu. Yaani anakuangalia kabisa anakwambia kaka mkuki wa nini wakati bunduki ipo? Sawa, mpe magobori matupu, subiri farasi wafike. Gobori la enzi hizo ni la utambi, jamaa ana kamba inayofuka moto mkononi huku anamimina baruti, anatia risasi kwenye mdomo wa mtutu, anashindilia, anapuliza utambi, alafu ndo alenge, na akishapiga anaanza mwanzo. Farasi hamsubiri mtu amalize hayo yote. Ndo maana katikati ya kikosi wanasimama watu wa mikuki ya kama mita 5, wenye gobori wakibanwa wanakimbilia hapo, na farasi hata umchape vipi hajichomeki mwenyewe kwenye msitu wa vyuma. Ila na mikuki ikibaki peke yake inapigwa risasi kwa mbali mpaka inaisha. Kwangu mimi gemu yote iko hapo, kuhakikisha hawa wawili wanafika pamoja, na hawafiki pamoja kirahisi.

Mikuki yangu ni ya chelewa. Unachambua ufagio unatafuta zile nyembamba zilizonyooka, unakata sentimita 8, unachonga ncha kwa wembe alafu unaichovya kwenye rangi ya kucha ya silva, ambayo shemeji yenu anaulizia kila wiki imeenda wapi. Kikosi kikishasimama na chelewa zake zote juu kinapendeza bwana, hata ambaye hajui chochote akipita lazima ainame aangalie.

Sasa Lützen. Hii ilipigwa Novemba 1632 karibu na Leipzig huko Ujerumani, mfalme wa Sweden Gustavus Adolphus dhidi ya Wallenstein, jenerali wa Kaisari, yaani mtawala mkuu wa dola ya Wajerumani enzi hizo, mzee aliyekuwa anasumbuliwa na jongo. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito mpaka Wasweden wakachelewa kushambulia, alafu Wallenstein akachoma mji wa Lützen moto na moshi ukaongezeka juu ya ukungu. Sisi ukungu tumeuweka kwa pamba, na Usukumani pamba sio kitu cha kuhangaikia. Sheria ni kwamba kikosi kilichofunikwa na pamba hakipigi mbali zaidi ya shubiri moja, na kila raundi unarusha dadu kuona pamba inasogea wapi.

Na amri nazo ni za dadu. Kila jenerali ana namba yake, tuseme 8, unatamka kwa sauti unachotaka kikosi kifanye, unarusha dadu mbili, ikija 8 au chini wanatii, ikizidi wanakaa pale pale wanakutazama. Unatamka kwanza ndo unarusha, hakuna kugeuza maneno. Hapa ndo urafiki unapojaribiwa.

Wasweden kwenye mstari wa mbele walikuwa na Brigedi ya Njano, na jamaa yangu fundi cherehani, Yanga wa kufa, aliposikia njano tu akasema hiyo yangu, sitaki kusikia kingine. Sikumwambia kwamba vita ya kweli hiyo brigedi pamoja na ile ya Bluu ndo zilichinjwa pale katikati. Basi akaamuru Njano wavuke barabara ya Leipzig, mitaro yake imejaa watu wangu wa magobori, wakatii vizuri kabisa, Bluu pembeni wakarushiwa dadu ikaja 11, wakagoma. Njano wakavuka peke yao. Nikawapiga kwa mbele kwa magobori, farasi wangu wakazungukia ubavuni ambako pamba ilikuwa imeshasogea, na dogo wa jirani, Simba huyo, akasimama juu ya kiti anashangilia. Fundi akabaki anasema "bhebhe (wewe, kwa Kisukuma), hii dadu ina kitu" mpaka chai ikapoa.

Mfalme yeye alipona kwetu. Wa kweli hakupona, macho yake hayakuona mbali, na vazi la chuma hakuvaa kwa sababu ya jeraha la zamani, akaingia na farasi wachache kwenye ukungu huo huo na adui akamuua. Upande wa pili Pappenheim, jenerali wa farasi wa Wallenstein aliyekuwa ameitwa haraka arudi kutoka Halle, alifika akapigwa risasi muda mfupi tu, na ile barua ya Wallenstein ya kumuita ipo mpaka leo makumbusho Vienna, ina damu yake. Mimi Pappenheim wangu kila raundi namrushia dadu aingie mezani, hakuja mpaka gemu inakaribia kuisha, na alipofika taa zikazimika mtaa mzima tukamalizia na tochi za simu.

Tukahesabu, ushindi wangu lakini mwembamba. Fundi anataka marudiano, tumekubaliana Breitenfeld ya 1631, ambayo Wasweden walishinda kweli, na Njano wapo. Shida ni washirika wao Wasaksoni, Wajerumani wa jimbo la Saxony, hao walikimbia uwanja mapema wakawaacha wenzao, na mpaka sasa hakuna anayekubali kuwachukua. Dogo wa Simba tumemwambia ni zamu yake, anasema bora awe mwamuzi.