Mwaka mmoja kabla ya radiolojia: nilivyopanga orodha ya pili

Kila nikisema nimepata nafasi ya kusomea ubingwa wa radiolojia, udaktari wa kusoma picha za mwili kama eksirei na CT, huko Chicago, lakini kwa sasa niko Minneapolis nahudumia wagonjwa wa moyo na figo wodini, naulizwa: kwani hukwenda moja kwa moja? Binamu yangu aliyesoma udaktari Muhimbili ndiye aliyenibana zaidi. Kwao utarajali unapangiwa. Unajaza maombi kwenye mfumo wa wizara, unasubiri, unaambiwa kituo chako ni kipi. "Sasa dada, ninyi huko mnachagua nini, na mwaka wenyewe ni mmoja tu?" Nilijaribu kumjibu kwa sauti za WhatsApp, nikawa nazunguka. Hivyo nimeandika. Na nimeandika hadharani kwa sababu wapo wadogo zetu hapa Marekani watakaojaza orodha zao za programu wanazozitaka mwezi wa pili, na wengi wao nyumbani hakuna daktari wa kumuuliza.

Radiolojia ya hapa ni miaka 5, na wa kwanza hauna radiolojia ndani yake. Lazima kwanza uwe daktari wa wodini kwa miezi 12. Magonjwa ya ngozi ni vivyo hivyo, tiba ya saratani kwa mionzi vivyo hivyo, na baadhi ya nafasi za ganzi na usingizi pia. Zipo programu zilizounganisha miaka yote mahali pamoja; ukipata hiyo, funga ukurasa huu ukalale. Lakini nafasi nyingi za radiolojia zinaanzia mwaka wa pili, kwa hiyo unaomba kazi mbili ndani ya Match moja, yaani ule mpango wa kitaifa ambao kompyuta yake inawapangia madaktari wapya nafasi za mafunzo: ile ya miaka 4 unayoiota, na ile ya mwaka 1 ambayo hakuna anayekueleza lolote, maana walimu wako wote mawazo yao yako kwenye ya kwanza.

Mwaka huo uko wa aina tatu. Upo mwaka wa awali wa magonjwa ya ndani, ambao ni wodi, ICU na zamu za usiku, pamoja na wenzako watakaobaki miaka 3 wakati wewe unaondoka Juni. Upo mwaka wa awali wa upasuaji: unaamka saa 10 alfajiri, unapitia wagonjwa kabla wakubwa hawajafika, na kutwa simu ya kiunoni haikuachi. Halafu upo mwaka wa mpito, mchanganyiko wa wodi, dharura na ICU, kisha miezi kadhaa unayojichagulia mwenyewe. Huu ndio kila mtu anautaka. Na kwa kuwa wanaoutaka ni walewale wanaoomba ngozi na radiolojia, watu wenye vyeti vinavyong'aa, mwaka unaosifiwa kuwa mwepesi ni mgumu kuupata. Kuna watu hupata fani yenyewe, wakakosa mwaka wa mpito.

Kwa kanuni za mafunzo zote tatu zina kikomo kimoja: saa 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki 4, na siku 1 ya mapumziko katika kila 7. Kanuni hiyo ipo tangu 2003. Ila kuna anayefanya 55 na kuna anayefanya 79, na wote wawili wako ndani ya kanuni.

Sasa orodha. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, na wala si kwa uvivu. Maelezo yenyewe yameandikwa kama mkataba wa bima. Kwenye NRMP, shirika linaloendesha Match, una orodha kuu, ambamo unapanga programu za radiolojia kwa jinsi unavyozipenda. Kisha kwa kila programu inayoanzia mwaka wa pili unaambatisha orodha ya nyongeza, yenye hospitali za mwaka wa kwanza. Kompyuta inaanza na orodha kuu. Ikikupatia Chicago, ndipo inafungua orodha ya nyongeza uliyoifunga kwenye Chicago na kukutafutia mwaka wa kwanza humo. Ikikupatia Seattle, inafungua ya Seattle. Ukikosa mwaka wa kwanza, radiolojia yako hainyang'anywi. Unabaki na nusu ya kazi, na Jumatatu ya wiki ya matokeo ya Match unaambiwa ukatafute nusu nyingine kwenye SOAP, yaani duru ya kugawa nafasi zilizobaki. Huko nafasi za awali za upasuaji huwa zimebaki tele, na sasa unajua kwa nini.

Maana yake ni kwamba orodha ya nyongeza si moja. Unaweza kutumia ileile kwa programu zote, wengi hufanya hivyo, lakini unaruhusiwa kuwa na tofauti kwa kila mji. Ada ya kawaida inakuruhusu programu 20 tofauti kwenye orodha kuu na nyingine 20 kwenye za nyongeza. Mimi nilikaa mezani kwa mama na karatasi za daftari, kila karatasi mji mmoja, nikajiuliza: nikipangiwa hapa kwa miaka 4, mwaka wa kabla yake ningependa kuuishi wapi?

Ushauri niliopewa na kila niliyemuuliza ulikuwa mmoja. Weka miaka ya mpito yote juu, halafu magonjwa ya ndani, na upasuaji chini kabisa au usiweke. Usijali mji, ni mwaka mmoja. Ni ushauri mzuri kwa kijana asiye na mtu wa kumtegemea wala wa kumtegemeza. Mimi nilikuwa na programu moja ya mpito nje kidogo ya Chicago, hospitali ya jamii, tulivu, chakula cha bure kantini, miezi mingi ya kujichagulia. Na nilikuwa na mwaka wa awali wa magonjwa ya ndani hapa Minneapolis, dakika 20 kutoka kwa mama, hospitali yenye kazi kwelikweli. Kwenye karatasi ya Chicago nikaiweka ya Minneapolis namba 1. Mshauri wangu chuoni alinitumia barua pepe akiuliza kama nimebonyeza vibaya.

Sikubonyeza vibaya. Tupige hesabu. Mshahara wa mwaka wa kwanza ni dola elfu sitini na kitu kabla ya kodi, na nyuma yangu kuna mkopo wa chuo unaozaa riba. Ningehamia kitongoji cha Chicago: amana ya nyumba, kodi, gari la lazima, samani. Baada ya mwaka ningehama tena kwenda karibu na hospitali ya radiolojia, maana kutoka kitongoji kile asubuhi ni foleni ya saa nzima. Kwa mama silipi kodi. Mama analea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku, na mdogo wangu yuko darasa la kumi na moja. Nikiwa zamu ya mchana yupo mtu mzima nyumbani usiku; nikiwa zamu ya usiku mama anabadilishana na mwenzake. Nilipomweleza mama habari ya mwaka mwepesi wa Chicago alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, wali upo, joto lipo, wepesi gani unaoufuata huko?"

Kuna sababu ya pili, ya kitaalamu, na hii najua wenzangu wengi wanaipinga. Miezi ya kujichagulia kwenye mwaka wa mpito, waombaji wa radiolojia wengi huichukua kukaa kwenye chumba cha giza wakitazama picha. Mimi naona ni kupoteza. Picha nitazitazama miaka 4 mfululizo na baada ya hapo maisha yangu yote. Kitu ambacho sitakipata tena ni kuwa yule anayeagiza picha. Sasa hivi saa 9 usiku nikiomba CT ya kifua kutafuta bonge la damu kwenye mapafu, na figo za mgonjwa ni mbovu, mimi ndiye ninayempigia simu daktari wa radiolojia kumweleza kwa nini dawa ya kung'arisha picha naitaka hata hivyo. Nikitia mpira wa kupitishia dawa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, mimi ndiye ninayesubiri eksirei kuona ncha yake imelala wapi. Na nimejua ni kwa nini maelezo kwenye fomu huwa ni maneno mawili tu, "maumivu ya tumbo": aliyeyaandika ana wagonjwa 10 na simu inalia.

Hiyo 10 sikuitaja ovyo. Kwenye magonjwa ya ndani ndicho kikomo cha wagonjwa wa daktari wa mwaka wa kwanza, na wapya wasizidi 5 kwa siku ya kupokea. Kwenye usaili ndiyo yalikuwa maswali yangu. Sikuuliza "maisha hapa yakoje", kwa sababu wote watakwambia ni familia moja yenye upendo. Niliuliza: kikomo hicho mnakifikia mara ngapi, na kikifikiwa mgonjwa wa 11 anachukuliwa na nani? Usiku, mtarajali yuko na mkubwa wake jengoni au mkubwa yuko nyumbani kwa simu? Wa mwaka wa awali anafanya miezi mingapi ya ICU ukilinganisha na wale wa miaka 3? Hili la mwisho lichunguzeni sana. Zipo hospitali zinazowarundikia wa mwaka mmoja zile zamu ambazo wenyeji hawazitaki, kwa hesabu kwamba Juni wataondoka na hawatalalamika. Kuna moja niliifuta palepale, msaili alipojibu kwa kucheka.

Kuhusu gharama ya maombi, fupi. ERAS, mfumo wa kutuma maombi, inatoza kila fani kivyake, na msimu wangu maombi 30 ya kwanza yalikuwa dola 11 kila moja, kuanzia la 31 dola 30. Magonjwa ya ndani ni fani moja, mpito ni nyingine, radiolojia ni ya tatu. Kwa hiyo usitupe maombi ya mwaka wa kwanza nchi nzima. Chagua miji ya programu zako za radiolojia, ongeza mji wa nyumbani, inatosha. Usaili mwingi siku hizi ni kwa video, nauli hamna.

Jambo jingine ni chini ya orodha kuu. Baada ya programu zote za radiolojia unaweza kuweka zile za mwaka wa awali zikiwa peke yake, ili ukikosa fani angalau uwe na kazi na mshahara, uombe tena. Zipo hata nafasi za radiolojia, zile za alama R, zinazoanza Julai ya mwaka uleule kwa mtu ambaye tayari ana mwaka wa kwanza mkononi. Nilifanya hivyo, ila niliweka zile tu ambazo mkurugenzi alinijibu waziwazi kwamba mtarajali anayeomba upya anapewa ruhusa ya kwenda kwenye usaili. Kufanya saa 75 kwa wiki huku unaomba fani upya bila ruhusa ni adhabu.

Binamu yeye hoja yake ni tofauti, kwa kuwa angekuja kutoka Tanzania. Utarajali uliofanywa Muhimbili au Bugando kwa kawaida hauhesabiwi kuwa huu mwaka wa kwanza. Baada ya cheti cha ECFMG, kinachotakiwa kwa daktari aliyesoma nje ya Marekani, mtu anaanza wodini upya, na hili huwauma watu ambao wameshafanya kazi miaka kadhaa. Halafu kuna viza. Hospitali ya radiolojia inaweza kukubali J-1, viza ya mafunzo, ile ya mwaka wa kwanza isikubali viza yoyote. Ni waajiri wawili, kwa hiyo uliza mara mbili, na uliza kabla ya kulipia maombi. Na J-1 ina sharti la kurudi nyumbani miaka 2 baada ya mafunzo, isipokuwa upate msamaha, basi nalo liingie kwenye hesabu ya familia.

Mtihani wa Step 3, wa mwisho katika mitihani ya leseni ya udaktari hapa, nimeupangia mwezi wa kliniki, kabla ya ICU. Kilichobaki ni tarehe. Mkataba wangu hapa unaisha Juni 30 na radiolojia inaanza Julai 1, lakini Chicago wanataka tufike wiki ya mwisho ya Juni kwa kupewa vitambulisho, kupimwa na kufundishwa kompyuta zao. Hakuna aliyenitajia mgongano huo hadi nilipouliza pande zote mbili kwa barua pepe. Kwa hiyo siku 5 za likizo yangu sijazigusa, na mpanga ratiba ameshaniandikia kwamba wiki ile ni yangu.