Maabara za Akili Mnemba na Matajiri Wanaozilisha

Maelezo yaliyochapishwa na OpenAI, kampuni inayotengeneza ChatGPT, kuhusu muundo wake wa umiliki yaliwahi kubeba onyo ambalo sijaliona kwingineko. Lilimwambia mwekezaji kwamba anaweza kupoteza fedha zake zote, kwamba kampuni haina wajibu wa kupata faida, na kwamba ingekuwa busara auchukulie uwekezaji wake kama mchango wa hisani, kwa kuwa ni vigumu kujua fedha zitakuwa na kazi gani duniani siku akili mnemba itakapoufikia uwezo wa binadamu. Oktoba 2024 kampuni hiyo hiyo ilikusanya dola za Marekani bilioni 6.6 kwa thamani ya dola bilioni 157, na vyombo vya habari vya biashara vikaripoti kuwa wawekezaji walijiwekea haki ya kudai fedha zao iwapo OpenAI haingekuwa imebadilisha muundo wake na kuwa kampuni ya faida katika muda wa miaka miwili. Safari ya kutoka kwenye mchango wa hisani hadi kwenye "nirudishie changu" inaeleza mengi kuhusu ushindani wa maabara hizi. Naona tunatumia muda mwingi mno kuuliza ni modeli, yaani programu ya akili mnemba, ya nani yenye uwezo zaidi, na muda mchache mno kuuliza nani anamlipa nani.

Mashindano haya yalianza kwa hofu kabla hayajawa ya fedha. DeepMind, maabara iliyoanzishwa London mwaka 2010 na Demis Hassabis, Shane Legg na Mustafa Suleyman, ilinunuliwa na Google mwaka 2014, na baadhi ya watu wa California waliona hatari kubwa kampuni moja ikiishika teknolojia ya aina hiyo peke yake. Desemba 2015 Sam Altman, Elon Musk na wenzao wakaitangaza OpenAI kama shirika lisilolenga faida, likiwa na ahadi za dola bilioni 1. Ahadi nyingi zilibaki kuwa ahadi, kwani OpenAI yenyewe ilikuja kueleza kuwa michango iliyopokelewa ilifikia takriban dola milioni 130. Musk aliondoka kwenye bodi mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikaundwa kampuni ya kibiashara chini ya lile shirika, ambayo wawekezaji wake wa kwanza waliwekewa ukomo wa kupata mara 100 ya walichoweka.

Kilichowasukuma kufika hapo ni gharama ya mashine. Modeli kubwa hufundishwa kwa maelfu ya chipu zinazofanya kazi pamoja usiku na mchana, kwa wiki au miezi, ndani ya majengo yanayohitaji umeme mwingi na mitambo ya kupoza joto, na baada ya hapo kila swali la mtumiaji linahitaji mashine nyingine za kulijibu. Maabara isiyo na vituo vyake vya data haina budi kuvikodi, na wenye vituo vya ukubwa huo ni wachache: Microsoft, Amazon, Google, na kwa miaka ya karibuni Oracle pamoja na kampuni chache za kukodisha chipu. Julai 2019 Microsoft iliweka dola bilioni 1 ndani ya OpenAI, na katika tangazo hilo hilo ikawa mtoa huduma za wingu (kompyuta zinazokodishwa kupitia mtandao) pekee wa OpenAI. Maana yake ni kwamba sehemu ya fedha zilizotoka mlango wa mbele zilitarajiwa kurudi kwa mlango wa nyuma kama malipo ya kukodi seva. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi hawahitaji mhasibu wa kuwaeleza mpango huu: mfanyabiashara anakukopesha salfa ya kupulizia mikorosho, na msimu ukifika ni yeye anayekuja na magunia na mizani.

Sisemi kwamba kuna ulaghai. Mikataba hii imetangazwa hadharani, na pasipo mashine hizo huenda ChatGPT isingetoka Novemba 2022 wala yote yaliyoifuata. Ninachosema ni kwamba neno "mwekezaji" linatufichia uhusiano mwingine, wa muuzaji na mteja wake. Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani ilichunguza ubia wa Microsoft na OpenAI, wa Amazon na maabara ya Anthropic, na wa Google na Anthropic, na ripoti yake ya Januari 2025 ilionyesha kuwa mikataba hiyo ilikuwa na masharti ya maabara kutumia sehemu ya fedha za uwekezaji kununua huduma za wingu za mbia wake. Muundo mpya wa OpenAI ulipokamilika Oktoba 2025, lile shirika la hisani lilibaki na takriban asilimia 26 ya kampuni na Microsoft ikawa na takriban asilimia 27, lakini jambo ambalo mimi niliona zito zaidi ni ahadi ya OpenAI kununua huduma za Azure, yaani wingu la Microsoft, zenye thamani ya dola bilioni 250. Asilimia za hisa ziliandikwa kwenye vichwa vya habari, na ile ahadi ya manunuzi ikaachiwa aya ya chini.

Anthropic ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu iliundwa mwaka 2021 na watu waliotoka OpenAI, wakiwemo Dario na Daniela Amodei, na usalama wa teknolojia ukiwa sababu waliyoitoa ya kuwapo kwao. Amazon ilitangaza Septemba 2023 kuwekeza hadi dola bilioni 4, ikaongeza bilioni 4 nyingine Novemba 2024, na maabara hiyo ikakubali kuifanya AWS, wingu la Amazon, kuwa mahali pake pakuu pa kufundishia modeli, kwa kutumia chipu za Trainium ambazo Amazon inataka zishindane na za Nvidia, muuzaji mkubwa wa chipu za akili mnemba. Google nayo imo: nyaraka za mahakama zilizoripotiwa mwaka 2025 zilionyesha kuwa ilikuwa ikimiliki asilimia 14 bila haki ya kupiga kura, ilhali modeli yake ya Gemini inagombania wateja wale wale wa Claude, modeli ya Anthropic. Kisha Novemba 2025 Microsoft, mwanahisa mkubwa wa OpenAI, ilitangaza kuwekeza hadi dola bilioni 5 ndani ya Anthropic, Nvidia ikaahidi hadi bilioni 10, na Anthropic ikaahidi kununua huduma za Azure za dola bilioni 30. Ukijumlisha, waliotoa walikuwa bilioni 15 na aliyepokea akaahidi kutumia mara mbili yake. Baada ya tarakimu hizo, kusema kwamba Microsoft iko upande wa OpenAI na Amazon upande wa Anthropic ni kueleza mambo nusu nusu, maana mwenye vituo vya data anapata kodi yake yeyote atakayeshinda.

Nvidia imeusogeza mpango huu mbali zaidi. Septemba 2025 ilitangaza kusudio la kuwekeza hadi dola bilioni 100 ndani ya OpenAI, hatua kwa hatua kadiri vituo vya data vya gigawati 10 (ukubwa wake hupimwa kwa umeme vinaotumia) vinavyojengwa, vituo ambavyo vingejazwa mashine za Nvidia. Wiki chache baadaye AMD, mshindani wa Nvidia, ikafanya kinyume chake kwa namna ya kushangaza, kwani OpenAI ilikubali kununua chipu za gigawati 6, na AMD ikampa mteja wake huyo haki ya kupata hadi hisa milioni 160 za AMD yenyewe kadiri masharti yanavyotimizwa. Muuzaji anampa mnunuzi umiliki wa duka ili mnunuzi aendelee kununua. Mapato yanayoandikwa kwenye vitabu katika mzunguko wa namna hii ni halali, lakini mimi nisingeyasoma kama ushahidi kwamba wateja wa mwisho, yaani watu na biashara zinazolipia huduma, tayari wanalipa kiasi kinachotosha kubeba gharama zote hizi.

Kuna rasilimali nyingine inayogombaniwa, nayo ni watu. Tarehe 17 Novemba 2023 bodi ya OpenAI, ambayo kisheria ilikuwa bodi ya shirika la hisani isiyowajibika kwa mwekezaji yeyote, ilimfukuza Altman, mkurugenzi mtendaji. Microsoft ikatangaza kuwa ingempokea pamoja na wenzake, na zaidi ya wafanyakazi 700 kati ya takriban 770 wakasaini barua ya kutishia kumfuata. Katika siku tano Altman alikuwa amerudi kazini. Iliripotiwa kuwa wakati huo wafanyakazi walikuwa wakisubiri kuuza hisa zao kwa thamani ya kampuni ya dola bilioni 86, na sidhani kama ni haki kuisimulia barua ile kama suala la uaminifu peke yake. Bodi ilikuwa na mamlaka ya maandishi. Wenye seva walikuwa na mahali pa kuwapeleka watu.

Kilichotokea kwa Inflection, maabara nyingine, kilithibitisha jambo hilo. Suleyman, yule wa DeepMind, alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, na Juni 2023 ilikusanya dola bilioni 1.3 kutoka kwa Microsoft, Nvidia na matajiri kadhaa. Miezi tisa baadaye yeye na sehemu kubwa ya timu yake walihamia Microsoft, ambayo iliripotiwa kulipa takriban dola milioni 650, hasa kwa leseni ya kutumia teknolojia. Kampuni haikununuliwa, wanahisa walifidiwa, watu wakaondoka. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilichunguza, ikaamua Septemba 2024 kuwa tukio hilo linahesabika kuwa muunganiko wa kampuni ingawa halikupunguza ushindani kwa kiasi cha kuzuiwa. Google na Amazon nazo zilifanya mipango inayofanana na huo mwaka 2024, Google kwa kampuni changa ya Character.AI na Amazon kwa kampuni changa ya Adept.

DeepSeek ya Hangzhou inasimama kando ya haya yote. Mwanzilishi wake, Liang Wenfeng, alitoka katika biashara ya mifuko ya uwekezaji, na mfuko wake wa High-Flyer ndio ulioigharimia maabara, hivyo hapakuwa na muuzaji wa wingu aliyesubiri manunuzi. Modeli ya R1 ilitolewa Januari 2025 na vigezo vyake (namba zinazoiendesha) vikaachwa wazi kwa yeyote kuvipakua, na tarehe 27 ya mwezi huo Nvidia ikapoteza karibu dola bilioni 600 za thamani yake sokoni kwa siku moja. Takwimu ya dola milioni 5.6 iliyozungumzwa sana ilihusu mzunguko wa mwisho wa kuifundisha modeli iliyotangulia, V3, bila kuhesabu majaribio ya awali wala ununuzi wa chipu, kwa hiyo waliosema maabara nzima iligharimu kiasi hicho walikosea. Hata hivyo nadhani soko lilikuwa na sababu ya kutetemeka, kwa kuwa thamani ya wote niliowataja hapo juu imejengwa juu ya dhana kwamba mashine nyingi zaidi zitahitajika daima.

Afrika Mashariki imo ndani ya hesabu hizi, japo mwisho kabisa wa orodha. Uchunguzi wa jarida la Time wa Januari 2023 ulionyesha kuwa wafanyakazi nchini Kenya waliosoma na kuchambua maandishi ya ukatili na unyanyasaji kwa ajili ya OpenAI, kupitia kampuni ya Sama, walipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kisha Mei 2024, Rais William Ruto akiwa ziarani Washington, Microsoft na G42, kampuni ya teknolojia ya Abu Dhabi, zilitangaza mpango wa awali wa dola bilioni 1, ukiwemo ujenzi wa kituo cha data huko Olkaria kitakachotumia umeme wa jotoardhi na kuendesha huduma za Azure. Mwezi mmoja kabla ya hapo Microsoft ilikuwa imewekeza dola bilioni 1.5 ndani ya G42, na G42 ni miongoni mwa waanzilishi wa MGX, mfuko ulioshiriki katika ule mkusanyo wa OpenAI wa Oktoba 2024. Tangazo la Olkaria liliahidi pia modeli ya chanzo huria ya Kiswahili na Kiingereza. Ahadi hiyo naitaka itimie, na kwa sababu hiyo hiyo nataka masharti yake yawekwe hadharani kabla ya sherehe za uzinduzi: umeme utauzwa kwa bei gani, maandishi na sauti za Kiswahili zitakazokusanywa zitakuwa mali ya nani, na kama mtafiti wa Nairobi au Dar es Salaam ataruhusiwa kuiendesha modeli hiyo kwenye mashine zisizo za Azure.