Barua zinaingia, kutoka hazitoki

Nilipoweka akaunti ya kazini kwenye Thunderbird, programu ya barua pepe, barua zote zilishuka vizuri. Nikajibu mojawapo. Ikazunguka weee, mwisho nikaambiwa muda wa kuunganisha na seva umekwisha.

Kupokea na kutuma ni njia mbili tofauti. IMAP inaleta, SMTP, itifaki ya tangu 1982, inapeleka. Barua kuingia hakuthibitishi lolote kuhusu kutoka. Nikaenda kwenye mipangilio ya akaunti, chini kabisa ya orodha ya kushoto, maana seva za kutuma zimewekwa huko peke yake (sijui nani aliona hapo ndipo watu watatazama). Poti, yaani namba ya mlango ambao programu inapitia kuingia kwenye seva, ilikuwa 25, kama yalivyosema maelekezo niliyopewa. Poti hiyo ni ya seva kwa seva, na watoa huduma wengi wa intaneti huwafungia wateja wao ili kompyuta zenye virusi zisimwage barua taka. Ndiyo maana sikukataliwa, nilinyamaziwa tu. Ukinyamaziwa hivyo kabla hata hujaulizwa nenosiri, achana na nenosiri, kagua poti.

Nikaweka 587 na STARTTLS, mojawapo ya njia za kusimba mazungumzo (kuyageuza msimbo ili wengine wasiyasome). 465 na SSL/TLS nayo ni sawa, na tangu 2018 viwango vya intaneti vinaipa kipaumbele, kwa kuwa mazungumzo yanasimbwa tangu mwanzo. STARTTLS huanza wazi, kisha ndipo ikaomba ulinzi. Usichanganye tu: ukiweka 465 na STARTTLS, kila upande unamsubiri mwenzake aanze.

Jina la mtumiaji niliandika anwani nzima, hadi kilicho nyuma ya @. Nenosiri la kawaida likagoma kwa sababu akaunti ina uthibitishaji wa hatua mbili, nikatengeneza nenosiri la programu, yaani la pekee la kutumiwa na programu kama hii, kwenye ukurasa wa usalama, likapita.

Barua ikaondoka. Kilichonisumbua zaidi kilikuwa akaunti yangu ya pili, yenye kikoa chake (jina linalokuja baada ya @): barua zake zilifika, ila kwenye taka. Nikajitumia moja kwenye anwani nyingine, nikafungua chanzo chake (maandishi ghafi ya barua), nikakuta spf=softfail. SPF ni ukaguzi wa kama kikoa kinairuhusu seva iliyotuma, na hapo haukupita. Kumbe Thunderbird ilikuwa inaipitishia kwenye seva ya kazini, iliyokuwa chaguo-msingi, na kikoa changu hakiitambui seva hiyo. Chini ya ukurasa wa kila akaunti kuna sehemu ya kuchagua seva ya kutuma. Nikaichagulia ya kwake. Jaribio lililofuata likasoma spf=pass.