Nilivyojifunza kupatanisha mvinyo wa Dodoma na mapishi ya Unguja

Nilipopata kazi ya kuhudumia mezani kwenye hoteli moja ya Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja, habari za zabibu nilizijua kuliko za samaki. Nimekulia Hombolo, Dodoma, na ada yangu ya shule ilitoka shambani kwa baba, kwenye mizabibu. Kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, maana hakuna majira ya baridi ya kuulaza mmea. Ukiupogoa na kuumwagilia, unachipua tena. Ufaransa wanavuna mara moja tu. Zabibu nyekundu ya Makutupora naitambua kwa jani lake, lakini pweza nilikuwa sijawahi kumtia mdomoni.

Leo kazi yangu ni kumshauri mgeni anywe mvinyo gani na chakula gani, na mara nyingi chupa ninayoipendekeza ni ya nyumbani Tanzania. Nawaandikia vijana wenzangu wanaopenda chakula, hasa wanaovuka bahari kutoka bara kuja kwenye kazi za hoteli, kwa sababu wengi wanakimbilia kujifunza majina ya chupa kabla hawajakijua chakula cha hapa. Mimi nilianza na sinia.

Nilipanga chumba Kikwajuni, kwa bi mkubwa mmoja aliyenipokea kwa sharti moja: pombe isivuke mlango wake. Nikamjibu, "Nimeelewa, Bi Mkubwa," na mpaka leo haijavuka. Nyumba ni yake, dini yake inamkataza, nami ni Mkristo niliyekaribishwa. Wiki za mwanzo nilikuwa nakula chai na mkate chumbani, hadi jioni moja aliponigongea. "Mwanangu, utakulaje peke yako na watu tumo humu ndani? Njoo ukae." Mkeka ulikuwa umeshatandikwa, sinia ya wali wa nazi katikati, mchuzi wa papa kando na kachumbari yenye ndimu. Mjukuu wake akaninawisha kwa birika. Nikafundishwa kula upande wangu wa sinia, kuumega wali kwa ncha za vidole bila kuuchafua mpaka kiganjani, na kuuloweka kwenye mchuzi kiasi cha tonge moja tu.

Papa yule alikuwa mkavu, wa chumvi, na harufu yake mtu wa bara inamkalisha macho. Ila tui lilikuwa limeituliza chumvi, ukwaju ukalikata tui, na pilipili ikaja mwisho kabisa. Nilikaa nikiusikiliza mchuzi ule ukibadilika mdomoni. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kuwa mpishi wa Unguja hupanga ladha kwa zamu.

Bi Mkubwa alipoona nina hamu, akaanza kunituma Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904 na ambalo bado ndilo kitovu cha mji. Thomu, tangawizi, uzile (bizari nyembamba), hiliki, mdalasini. Nikirudi ananiambia nifumbe macho. Anasugua uzile kwa vidole viwili, ananisogezea puani. "Nini hii?" Kisha pilipili manga, kisha karafuu, kisha hiliki iliyopasuliwa na hiliki nzima, niseme ipi ni ipi. Nikikosea anacheka, ananirudisha mwanzo. Hakuna darasa la mvinyo lililonifaa kuliko baraza ile, na mwalimu wangu hajawahi hata kuishika glasi ya mvinyo.

Forodhani, bustani ya ufukweni yenye wauza vyakula, nilikwenda kama wote. Jioni, moshi wa mishkaki, ngisi, juisi ya miwa iliyosindikwa na ndimu na tangawizi. Pazuri, hasa kwa juisi ya miwa, lakini ukitaka kula wanachokula wenyeji siku za kazi, ingia mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, alasiri ukatafute urojo wa mtaani.

Kazini, wauza mvinyo walikuwa wakija asubuhi kabla ya zamu, wanatumiminia kidogo kidogo, tunanusa, tunaonja, tunatema. Wenzangu wengi ni Waislamu, wao walikuwa wanakaa kando wakiandika majina na nchi, nasi tulioonja tunawaeleza tulichokipata. Ilikuwa kazi ya pamoja na ilituendea vizuri. Pale nikakutana tena na Chenin blanc, zabibu nyeupe yenye asili ya bonde la mto Loire huko Ufaransa, ambayo Afrika Kusini wanailima kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote, na ambayo Dodoma nayo imo. Kumbe zabibu niliyokuwa naichuma utotoni ilikuwa na ndugu zake kwenye meza za mbali hivyo.

Jambo la kwanza nililolishughulikia lilikuwa joto. Vitabu husema mvinyo mwekundu unyweke kwenye joto la chumba, na wanaovisoma huuacha rafuni. Chumba kinachosemwa ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Shangani mchana wa Februari ni zaidi ya nyuzi 30, na mvinyo mwekundu wa joto hilo unanuka spiriti na hauna umbo. Nikaanza kuutia kwenye ndoo ya barafu na maji kwa robo saa kabla ya kuufungua. Mweupe nao nauwahi kuutoa kwenye friji, maana ukiwa wa baridi kali harufu yote inajificha. Kwa hilo tu wageni wakaanza kuuliza ile chupa ni ya wapi.

La pili ndilo lililonichukua muda mrefu, na sifa zake nampa mpishi mkuu wetu. Ni mtu wa Pemba, hajawahi kuonja kileo na hataonja, na sijaona mwenye ulimi mkali kuliko yeye. Tulikuwa na pweza wa nazi kwenye menyu. Pweza wake anamchagua mwenyewe sokoni Malindi, hapahapa mjini, anampiga hadi alainike, anamchemsha, ndipo anamwingiza kwenye tui zito lenye thomu, binzari na tungule, na ndimu anaikamulia mwisho. Nikamwomba nionje mchuzi peke yake.

"Shefu, hapa tui liko mbele, ndimu iko nyuma."

"Ndivyo inavyotakiwa. Hicho kinywaji chenu kikoje?"

"Kikavu, Shefu, hakina sukari. Kina uchachu wa ndimu, na harufu ya tufaha."

Akafikiri, akachota mchuzi mwingine kwenye sufuria ndogo. "Basi huu sitautia ndimu yote. Uchachu mwingine si utatoka kwenye glasi yako?"

Nikapeleka mezani sahani ile na Chenin blanc ya Dodoma iliyopozwa vizuri. Tui linabaki limetanda ulimini, mvinyo unalisafisha, na tonge linalofuata linakuja jipya. Sijasahau mgeni alivyoishika chupa akasoma kwa sauti, "Dodoma, Tanzania," kisha akaagiza nyingine.

Tangu hapo tukawa tunafanya hivyo kwa kila chakula. Yeye ananieleza mchuzi, mimi namweleza mvinyo, tunakutana katikati. Ile kanuni ya mvinyo mweupe kwa samaki na mwekundu kwa nyama haitoshi kisiwani, kwa sababu samaki yuleyule anakuja kwa sura nyingi. Changu wa kukaanga na ndimu anataka mweupe mkavu wenye uchachu usiopungua wa ndimu yenyewe, la sivyo mvinyo unaonekana umepooza. Samaki wa kupaka ana tui, moshi wa mkaa na pilipili pamoja, hapo natafuta mweupe wenye mwili kidogo, yaani uzito mdomoni. Jodari wa kuchoma anaweza kuvumilia mwekundu mwepesi uliopozwa. Lakini samaki wa mafuta ukimpa mwekundu wenye tanini nyingi, yaani ule unaokausha fizi, unabaki na ladha ya chuma mdomoni. Unafuata mchuzi na namna ya kupika. Samaki au nyama ni swali la baadaye.

Pilipili ndiyo inayoharibu chupa za bei. Tanini na kileo kingi vyote vinaichochea, kwa hiyo mvinyo mwekundu wa asilimia 14.5 na mchuzi wa pilipili ni moto juu ya moto, hata uwe na jina kubwa namna gani. Penye pilipili napeleka mweupe wenye utamu kidogo na kileo cha asilimia 12 au chini yake. Mgeni akishikilia mwekundu wake mzito, namwambia kwa adabu aagize chakula kisicho na pilipili, na wengi wanakubali wakishaelezwa sababu.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni pilau ya ng'ombe. Mvinyo uliokaa kwenye mapipa ya mwaloni mara nyingi una harufu ya karafuu, na si mawazo ya mnywaji tu: mwaloni uliochomwa kwa ndani hutoa eujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake. Nilipomweleza Shefu, aliweka mwiko chini. "Kwa hiyo wanachoma mapipa wapate kitu kinachoanikwa barabarani kwetu Wete?" Nikamwambia ndiyo. Alifurahi siku nzima, akawa anawasimulia vijana wa jikoni kila walipopita. Basi kwenye pilau, yenye karafuu na mdalasini wake, namimina mwekundu wa Makutupora uliopitia pipani, umepozwa kidogo, na harufu mbili zile zinafuatana mpaka mwisho.

Kuiuza Dodoma hakukuwa rahisi mwanzoni. Wageni wengi wanaijua Afrika Kusini, na hata Watanzania wenzetu wamezoea mvinyo wetu ule mtamu, wanadhani ndio uliopo peke yake. Nilimwomba meneja aniruhusu kufungua chupa moja kavu iuzwe kwa glasi, na kila anayesita nimmiminie vidole viwili aonje kwanza. Chupa iliyofunguliwa nairudishia kizibo, naiweka kwenye friji, na siku ya tatu ikifika haiuzwi tena. Nilifuatilia hesabu mwenyewe ili meneja asipate hasara, na chupa ile imebaki kwenye orodha.

Ramadhani mambo yanabadilika, na anayekuja kufanya kazi huku ajue mapema. Mchana hakuliwi hadharani, migahawa mingi inafungwa, na sisi wa hotelini tunawahudumia wageni ndani, kwa staha. Mimi sifungi, lakini nje ya kazi sili wala sinywi mbele ya watu. Magharibi nakaa mkekani kwa Bi Mkubwa kama mtu wa nyumba: tende, uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, ndizi, tambi. Mwezi ule naupenda sana. Nisingekula futari ile, nisingejua nazi inavyofanya kazi kwenye muhogo, ndizi na magimbi, na ujuzi huo naurudisha kazini Idi ikipita.

Urojo sijauwekea mvinyo na sitauwekea. Ukwaju, embe mbichi, pilipili, chatne, bajia, mbatata, vyote kwenye bakuli moja. Kila chupa niliyoijaribu kando yake ilipotea. Mgeni akiuagiza nampa juisi ya miwa, naye ananishukuru.

Sasa tuko kwenye biriani. Ya Unguja sosi hutengwa na wali, na ile sosi ina mtindi, vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vitamu, na nyama iliyolainika. Mwekundu unapatana na vitunguu lakini unagombana na mtindi. Mweupe kinyume chake. Nilimpigia baba Hombolo, tukashauriana. Akasema zabibu nyekundu ikikamuliwa na kutengwa na maganda mapema inatoa mvinyo wa rangi ya waridi wenye uchachu, na anamfahamu mtu wa kiwanda wa kumuuliza. Nikamweleza Shefu. Amesema chupa ikifika nimwambie uchachu wake uko wapi, ndipo aamue mtindi autie kiasi gani.