Kansa iliisha nikiwa mtoto, hofu ikanikuta nina miaka 26

Naandika hii kwa yeyote aliyeugua kansa utotoni akapona, sasa ni mtu mzima halafu anajiuliza kwanini hana amani. Mimi nilikaa miaka nikidhani niko peke yangu.

2001 nina miaka 7, tunaishi Musoma, natafuna muwa jino likatoka. Kwa umri ule jino kutoka si habari, nikalirusha juu ya bati kama watoto wote. Likalegea la pili, la tatu, halafu shavu la kulia likavimba, yani ndani ya wiki chache uso umeenda upande. Ilikuwa Burkitt, ile kansa inayopata sana watoto wa maeneo yenye malaria nyingi kama kwetu kanda ya ziwa, imepewa jina la daktari aliyeielezea mwaka 1958 akiwa hapo jirani Uganda. Inakua kwa kasi mno lakini dawa nayo inaipata vizuri. Mama akanipakia treni Mwanza mpaka Dar, hospitali ya kansa ya Ocean Road. Nakumbuka dripu, sindano za uti wa mgongo nimekunjwa nesi amenishika shingo, harufu ya spiriti, upepo wa bahari dirishani. Nikapona, tukarudi, wakachinja mbuzi.

Baada ya hapo nyumbani hayazungumzwi. Nikigusia mama anasema yameshapita mwanangu, mshukuru Mungu. Nami nilishukuru kwelikweli, ila tangu siku hiyo sikutafuna tena upande wa kulia na hakuna aliyejua.

2020 jino la kulia likauma. Daktari wa meno akasema limetoboka tu, akaziba. Usiku ule sikulala. Nikaanza kujipapasa taya, asubuhi kwenye kioo, chooni kazini, ndani ya daladala, siku moja nikahesabu nikafika mara 40 nikaacha kuhesabu. Moyo unaenda mbio, jasho, mikono ganzi, mara mbili nimekimbilia hospitali usiku najua nakufa, wanapima moyo uko sawa, naambiwa punguza mawazo. Sasa mawazo unayapunguzaje, hakuna anayekwambia. Nilipomwambia mama nataka kuonana na mtu wa saikolojia akashtuka, unataka watu waseme umepelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili? Simlaumu, alikuwa anaogopa kuliko mimi.

Aliyeniokoa ni nesi mmoja ambaye, wakati wenzake wanaandika presha, aliniuliza umewahi kuugua ugonjwa mkubwa? Nikamwambia. Akanielekeza kwa kaunsela.

Yule dada kaunsela akaniambia hiki kitu kinajulikana, kwamba Marekani kuna utafiti mkubwa ulioanza 1994 wa kuwafuatilia watu waliougua kansa wakiwa watoto, wengi wao wanaishi vizuri tu lakini wapo ambao hofu, sonona na kumbukumbu za wodini zinawafuata hata miaka mingi baadae. Nililia pale kwenye kiti, sio kwa huzuni, ni kusikia kuna wengine.

Akanituma nikatafute faili langu. Nikazunguka mpaka nikapata karatasi chache, daktari wa kansa akanisomea dawa nilizopewa: siklofosfamaidi, vinkristini, methotreksati. Akasema Burkitt ikirudi huwa inarudi mapema, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza, wewe una miaka 19 tangu uugue. Akili ikaelewa, mkono haukuelewa, bado unaenda kwenye taya. Akasema pia siklofosfamaidi inaweza kugusa uzazi, na hapo ndo nikajua kwanini nilikuwa naahirisha kwenda kwa kina mchumba wangu kujitambulisha, kila mwezi na sababu yake. Nikamwambia mchumba ukweli wote kabla sijapima. Alinisikiliza mpaka mwisho akauliza, tunaenda kupima lini? Majibu yalikuja mazuri, lakini uzito ulishapungua ile jioni.

Kuhusu kujipapasa, kaunsela hakusema acha. Alisema mkono ukitaka kwenda, subiri dakika 10. Baadae 30. Kisha mara moja kwa siku, mwisho tukabaki na Jumamosi asubuhi, dakika 1, basi. Wiki mbili za kwanza ni mateso, kwenye daladala nilikuwa naikalia mikono. Nilimeza na dawa za sonona miezi 8 na sioni aibu, mbona za kansa nilimeza. Na kama wewe umefika hatua ya kutamani kufa usisubiri kliniki ya wiki ijayo, mwambie mtu leo na mwende hospitali leo.

Kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni kumuuliza mama kuhusu rafiki yangu wa kitanda cha pili, mtoto wa Kigoma, tulikuwa tunaburuza vigari vya chupa za dripu. Siku moja kitanda kikawa kitupu wakaniambia amerudi kwao. Nilijua, watoto tunajua, lakini miaka yote nilibeba swali kwanini yeye na sio mimi. Nikampigia mama nikamuuliza moja kwa moja. Akanyamaza muda mrefu, akasema alifariki alfajiri, mama yake alinipa kanga yake nikufunikie wewe, ninayo mpaka leo. Tulilia wote kwenye simu. Tangu siku hiyo tunaongea, ananipigia mwenyewe ananiambia hata alivyokuwa analala chini ya kitanda changu wodini.

Desemba nilienda Musoma na mke wangu. Tumekaa nje, mama anamenya miwa, tunapiga stori. Katikati ya stori nikaona mama ameacha kumenya, ananiangalia shavu. Nilikuwa natafuna upande wa kulia. Hakusema kitu, akakata pingili nyingine akanipa.