Bustani ya Zaburi 104: kumbukumbu ya mradi, wiki ya 1 hadi ya 14

Wiki ya 1. Kiwanja kimepimwa: mita 12 kwa 10, upande mrefu ukipakana na njia ya waendao kwa miguu. Inatakiwa bustani ya kanisa ambayo mtu akiizunguka anaipitia Zaburi ya 104 kwa mpangilio wake: mwanga na anga, maji, mimea na chakula, miti na ndege, usiku, kisha viumbe vyote vinavyongoja kulishwa. Hivyo ni vituo sita.

Cha saba ndicho kilicholeta mjadala. Zaburi hiyo ina aya 35, na ile ya mwisho, baada ya uzuri wote huo, inaomba waovu watoweke duniani. Ibadani mara nyingi hurukwa, maana inaonekana kuchafua sifa. Hapa hairukwi. Aliyekwisha kuhesabu chemchemi, nyasi za ng'ombe na wibari magengeni anajua kwamba chakula kilichotolewa kwa wote mkono wa mtu unaweza kukizuia. Kituo cha saba, basi, ni ukanda wa masazo, yaani mazao yanayoachwa shambani ili maskini wayaokote.

Wiki ya 2 na 3. Walawi 19:9-10 inamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni, ila haitaji kiasi. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika sehemu ya Pea, inaweka kima cha chini: 1/60. Kwa mita za mraba 120 hiyo ni mita 2 tu, ambazo hata anayeokota hazioni. Ukanda wetu ni wa upana wa mita 1 kwa urefu wote wa njia: mita za mraba 12, yaani 1/10.

Ua umepandwa upande wa ndani wa ukanda. Ukiupanda upande wa njia, anayeokota atahitaji ufunguo, na mwenye ufunguo atageuka kuwa mgawaji. Sheria ya masazo haimtaki mwenye shamba agawe, inamtaka aache. Kwa sababu hiyo hakuna daftari la majina wala saa za kufungua.

Pandeni humo mboga zinazochumwa majani mara nyingi. Zile zinazong'olewa na mizizi huisha siku moja, na anayekuja kesho anakuta udongo mtupu.

Ndani kuna matuta saba, kila moja upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 7, na vijia vya sentimita 40. Upana huo unauwezesha mkono kufika katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo. Saba kwa sababu ya Kutoka 23:10-11: kila mwaka tuta moja linapumzika, na kinachojiotea humo ni cha maskini, kisha cha wanyama.

Wiki ya 4 hadi ya 9, mboji. Rundo la mita 1 kwa 1 kwa 1; dogo kuliko hilo halishiki joto. Sehemu 3 za majani makavu kwa 1 ya mabichi, kwa ujazo. Unyevu ni wa sifongo iliyokamuliwa. Joto la katikati likifika nyuzi 55 hadi 65, geuza. Harufu kali ya mkojo maana yake mabichi yamezidi. Harufu ya yai bovu maana yake hewa haipiti.

Kosa lilikuwa la hesabu. Rundo la mita 1 ya ujazo hupungua hadi karibu nusu, ilhali marundo matatu yalihesabiwa kama mita 3. Kwa tabaka la sentimita 3, matuta yanahitaji takribani mita 1.8 za ujazo na ukanda 0.36. Ilipatikana 1.5, ikaishia kwenye matuta, na ukanda ukabaki mkavu. Wiki ya 8 mboga za njiani zilikuwa za manjano, za ndani kijani kibichi. Mpita njia alikuwa anasoma aya ya 35 kwa macho. Utaratibu umegeuzwa: toroli la kwanza la kila rundo linaanzia kwenye ukanda.

Wiki ya 10, maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Toa asilimia 20 zinazopotea. Paa la mita za mraba 60 na mvua ya milimita 20 huleta lita 960. Lita 30 za kwanza zimwagwe, zinabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Mdomo wa tangi ufunikwe wavu. Koki moja iko nje ya ua.

Wiki ya 12, ndege na usiku. Kagueni viota kabla ya kupogoa ua (Kumbukumbu la Torati 22:6-7). Mkikuta mayai, ahirisheni wiki tano: kwa ndege wadogo, kuatamia ni kama wiki mbili, na makinda kuruka ni kama mbili nyingine; moja ni ya akiba.

Kituo cha usiku kina taa zilizofunikwa juu, mwanga ukishuka chini tu. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Somo ni Amosi 5: aya ya 8 inamsifu aliyeumba Kilimia na Orioni, na aya tatu mbele inawashtaki wanaomtoza maskini ngano. Zisomwe pamoja, chini ya nyota zenyewe. Kilimia hupanda mapema jioni kuanzia Novemba, kwa hiyo matembezi ya usiku yanasubiri.

Wiki ya 14. Matembezi ya mchana yamewekwa 1 Septemba, siku ambayo mwaka 1989 Patriaki Dimitrios I wa Konstantinopoli, wa Kanisa la Kiorthodoksi, aliitenga kuombea uumbaji. Vibao sita vimesimikwa. Cha saba kilikuwa kimeelekezwa ndani, kwa waimbaji. Kimegeuzwa kuelekea njiani, na koki imewekewa kikombe cha mnyororo.